Uliza Tukujibu: Ni jeni, si jini

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: riadha, na hasa swali la nani anaruhusiwa kukimbia na nani anazuiwa mlangoni. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwani mengine yanahusu watoto.

Salaam aleikum wahariri. Binti yangu ana miaka 17, hukimbia mita 800 na 1500. Mwalimu wake wa michezo ametwambia kuwa akiitwa timu ya taifa lazima apimwe "jini" kwanza. Babake amekasirika, na nyanyake ameshaanza kuuliza kama tumwite shekhe. Hiki ni kipimo gani, na mtoto hufanywa nini? — Mama, Kisauni

Aleikum salaam, Mama. Nyanya na atulie kwanza: ni jeni, si jini. Jeni ni kipande cha maagizo ya mwili tunachorithi kwa wazazi. Hii inayotafutwa huitwa SRY, na makao yake ya kawaida ni kwenye kromosomu Y, ile ambayo mtoto wa kiume hupewa na babake. Kazi yake ni ya swichi ya taa. Mimba ikiwa na wiki sita au saba hivi, SRY huziamuru tezi changa za kijusi ziwe korodani. Isipokuwapo, tezi zile zile kwa kawaida huwa ovari.

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, World Athletics, shirikisho linalosimamia riadha duniani, linataka mwanariadha wa kike awe amepimwa SRY kabla ya kushiriki mashindano yanayohesabiwa kwenye orodha yake ya ubora. Kanuni hii ilianza kuuma kwenye Mashindano ya Dunia ya Tokyo mwezi huo huo. Mtu hupimwa mara moja tu maishani. Mbio za shule na za mtaani hazimo, kwa hiyo mwalimu asimburute msichana yeyote maabara kwa sababu ya mashindano ya kaunti. Nanyi pia msikimbilie maabara yoyote ya mjini mkidhani mnawahi foleni. Anayesimamia kipimo ni shirikisho la nchi, kwetu Athletics Kenya, nalo ndilo la kuulizwa wapi, lini na kwa gharama ya nani.

Mwilini hakuna la kutisha. Havuliwi nguo, wala hachunguzwi sehemu za siri. Yeyote atakayetaka hivyo kwa jina la kipimo hiki, mkatalieni na mwondoke. Huchukuliwa damu kidogo mkononi, au kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya mashavu. Kikiwa ni kijiti, nusu saa kabla asile, asinywe chai, asitafune ubani wala kitu kingine (na wale wa muguka, tunawajua, hawakusamehewa). Asukutue kwa maji matupu. Kijiti husuguliwa nusu dakika hivi kila shavu, kwa kukaza kidogo, kwani kinachotakiwa ni chembe za ngozi ya ndani na siyo mate. Kisha huingizwa kwenye kichupa bila kuguswa ncha.

Sasa hapa ndipo tungependa mzazi awe macho. Mashine ya maabara hunakili vipande vya DNA mara mamilioni mpaka vionekane. Inayonakili kiasi hicho haichagui: chembe chache za mwanamume aliyeshika kijiti bila glavu, au aliyepiga chafya juu yake, nazo hunakiliwa. Matokeo husema "SRY imo", kumbe ni ya fundi wa maabara. Andrew Sinclair, mmoja wa wanasayansi waliogundua jeni hii mwaka 1990, amepinga hadharani itumike peke yake kuamua mambo haya, na uchafuzi wa aina hiyo ni mojawapo ya hoja zake. Basi ombeni mtoto ahudumiwe na mwanamke, mwenye glavu mpya zinazovaliwa mbele yenu. Ombeni sampuli mbili, ya pili ihifadhiwe. Na ulizeni kama maabara hupima pia jeni nyingine ambayo kila binadamu anayo, kwa ajili ya kulinganisha. Bila ya hiyo, jibu la "SRY haimo" laweza kuwa na maana kwamba kijiti kilikuwa kikavu tu na hakuna kilichopimwa.

Kama binti amewahi kupandikizwa uboho kutoka kwa ndugu wa kiume, semeni mapema, maana damu yake itabeba kromosomu za nduguye maisha yake yote. Ni nadra, lakini hutokea.

SRY ikionekana, siyo hukumu. Sampuli hurudiwa, halafu yeye huonwa na daktari bingwa wa homoni: kromosomu zote, kiwango cha testosteroni, picha ya tumbo, na kama mwili unaisikia hiyo homoni au hausikii. Tutaeleza kwenye jibu linalofuata kwa nini hilo la mwisho ni kubwa kuliko yote.

Karatasi nayo, Mama, iwekeni kama cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1985 Mhispania María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa viunzi, alikwenda Kobe, Japani, akasahau nyumbani cheti cha kipimo alichofaulu miaka miwili kabla. Akapimwa upya, matokeo yakatia shaka, ikaamuliwa kromosomu zake zihesabiwe. Aliambiwa ajifanye ameumia, akajifanya. Majibu yalipokuja miezi baadaye, ikaonekana Y. Aliporudi kukimbia kwao mwaka 1986 habari ilivujishwa magazetini. Akapoteza msaada wa masomo, rekodi zake zikafutwa na mchumba akamkimbia. Mwili wake haukuwa na faida yoyote, na mwaka 1988 alirudishiwa ruhusa, lakini miaka ya kukimbia ilishapita.

Ndiyo maana ushauri wetu ni mmoja: apimwe mapema, akiwa hana tiketi ya ndege mfukoni. Akipimwa wiki moja kabla ya safari kisha akaachwa uwanja wa ndege, mtaa mzima utafahamu kabla yake. Matokeo ni ya kwake na ya wazazi wake. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu taarifa ya jeni kuwa nyeti, na akiwa chini ya miaka 18 saini ya mzazi ni lazima. Kocha hana haki ya kuiona, hata kama ndiye aliyemnunulia viatu.

Sisi huku tuna neno huntha, na vitabu vya fiqhi vimelizungumza karne nyingi. Hawa wanariadha wanaozuiwa ni huntha? Na kama mtoto alizaliwa msichana, mkunga akasema msichana, akalelewa msichana, nani ana mamlaka ya kusema sivyo? — Msomaji, Mji wa Kale

Fiqhi ya mirathi ilikutana na huntha, yaani aliyezaliwa viungo vyake visieleweke kama ni vya kiume au vya kike, zamani kwa sababu ilikuwa na hesabu ya kugawa: fungu la mume au la mke? Ikaangalia kwanza njia ya mkojo, na pakiwa na utata ikasubiri dalili za kubaleghe. Riadha nayo ina hesabu yake ya kugawa, nayo inaangalia kubaleghe. Lakini swali si lile lile. Kule ni urithi, huku ni misuli. Kipimo cha SRY hakimwambii mtu kama yeye ni mwanamke. Humwambia tu atasimama kwenye mstari upi siku ya mbio. Wanaochanganya haya mawili ndio wanaotukana watoto wa watu mitandaoni.

Neno huntha hukusanya hali nyingi zisizofanana. Kwa riadha mbili zinatosha.

Ya kwanza: mtoto ana kromosomu XY na korodani zilizojificha ndani, zinazotoa testosteroni kama za mwanamume yeyote. Kinachokosekana ni kimeng'enya kimoja, kile kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo dihaidrotestosteroni. Hiyo ndiyo inayochonga viungo vya nje tumboni mwa mama. Isipokuwapo ya kutosha, mtoto huzaliwa akionekana msichana, na mkunga aliyesema msichana hakukosea wala hakudanganya. Miaka 13 au 14 ikifika, mambo hugeuka. Misuli na mifupa havihitaji ile homoni kali, testosteroni ya kawaida yavitosha. Hedhi haiji, sauti hushuka, mabega hupanuka. Huyu ndiye kanuni za riadha zilikuwa zikimlenga muda wote.

Ya pili: XY vile vile, korodani ndani vile vile, testosteroni tele. Lakini chembe za mwili hazina pokezi inayofanya kazi. Homoni inabisha hodi mchana na usiku, mwenyewe hayumo. Mwili hukua wa kike moja kwa moja, matiti huota, nywele za kwapani huwa chache mno. SRY yake itaonekana kwenye kipimo, ila faida ya misuli hana hata chembe. World Athletics inamruhusu, baada ya uchunguzi wa daktari. Martínez-Patiño tuliyemtaja juu ni wa kundi hili, na unaona alivyoumizwa bure na kipimo kilichoishia kwenye kromosomu.

Kuhusu mamlaka: kwa sheria ya nchi, sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto huntha kwa jina. Shirikisho la michezo haliwezi kugusa kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa cha mtu. Lakini fungu la wanawake kwenye mbio ni lake, na masharti ya kuingia humo huyaweka lenyewe.

Mbona wanawake tu? Kuna wanaume wenye miguu mirefu kuliko wenzao, mapafu makubwa kuliko wenzao, na hakuna anayewapima. Kipaji si kipaji? — Kocha, Changamwe

Kocha, hoja yako ina nguvu na tumeisikia kutoka kwa watu wazito. Jibu lake liko kwenye saa. David Rudisha alipomaliza mita 800 London, tarehe 9 Agosti 2012, ilikuwa dakika 1:40.91. Rekodi ya wanawake ya Jarmila Kratochvílová, ya mwaka 1983, ni 1:53.28. Wachukue wote wawili uwaweke uwanja mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake wa wastani. Rudisha akigusa mstari wa mwisho, mwanamke mwenye kasi ya rekodi ya dunia bado ana mita 87. Upande ulionyooka wa uwanja wa kawaida ni mita 84.39. Maana yake bado yuko kwenye kona!

Pengo hilo, asilimia 12 hivi, hulioni kwa watoto wa miaka tisa. Huzuka kwenye kubaleghe, na kinacholizua ni testosteroni. Wanawake wengi huwa chini ya nanomoli 2 kwa lita ya damu. Wanaume huanzia kama 7.7 na kufika 29. Katikati pana uwanja mtupu. Miguu mirefu haina uwanja mtupu kama huo: kuna warefu, wa wastani, wafupi, bila mpasuko popote. Wala hatuna mbio za wenye mapafu madogo zinazohitaji kulindwa. Fungu la wanawake lipo kwa sababu ya pengo hili moja, na lisipolindwa kwa kigezo hiki hiki halina sababu ya kuwapo.

Mpaka hapo tuko na World Athletics. Pale tunapoona dosari ni kwamba faida hupimwa kwa kundi, lakini anayezuiwa ni mtu mmoja mmoja. Aliye na pokezi zinazosikia nusu nusu, robo, au kidogo sana anaweza kuwa na SRY, testosteroni ya kiume na misuli isiyomzidi jirani yake. Kwa hao ushahidi ni haba, na kanuni huwatupa upande wa tahadhari. Ni haki kwa wale saba wengine kwenye mstari. Kwake yeye ni bahati mbaya, na afadhali iitwe hivyo kuliko kusingiziwa udanganyifu.

Caster Semenya alishinda kesi au alishindwa? Kila gazeti lasema lake. — Mwanafunzi wa sheria, Tudor

Yote mawili, kutegemea unaisoma hukumu ipi ya huyu mkimbiaji wa mita 800 wa Afrika Kusini. Fuata mlolongo.

Mwaka 2011 riadha iliweka kikomo cha testosteroni kwa wanawake, nanomoli 10 kwa lita. Mhindi Dutee Chand akakipinga, na Julai 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne, Uswisi, ikakisimamisha kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Katika kipindi hicho cha bila kikomo ndipo palipokuwa na Olimpiki ya Rio 2016. Kisha 2018 zikatungwa kanuni mpya: nanomoli 5, kwa miezi sita mfululizo, lakini kwa mbio za mita 400 hadi maili moja tu. Semenya akaenda Lausanne. Tarehe 1 Mei 2019 waamuzi wawili kati ya watatu walimkatalia. Walikiri kanuni inabagua, ila wakaona ubaguzi huo ni wa lazima, una sababu na haukupita kiasi. Mahakama Kuu ya Uswisi ikakataa rufaa yake 2020.

Kikomo cha mita 400 hadi maili kilileta mambo ya ajabu. Francine Niyonsaba wa Burundi, aliyekuwa wa pili Rio, alihamia mbio ndefu na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000, dakika 5:21.56. Christine Mboma wa Namibia alizuiwa mita 400, akashuka hadi 200, akatwaa nishani ya fedha kwenye Olimpiki ya Tokyo. Machi 2023 mlango huo ukafungwa: nanomoli 2.5, miezi 24, mbio zote na fani zote. Waliobadili jinsia baada ya kubaleghe kiume wakazuiwa kabisa.

Semenya alikuwa ameshafika Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kuishtaki Uswisi. Julai 2023 majaji wanne dhidi ya watatu walimpa ushindi. Uswisi ikaipeleka kesi mbele ya Jopo Kuu, na tarehe 10 Julai 2025 likaamua kwamba Uswisi ilimnyima haki ya kusikilizwa ipasavyo, kwa kuwa mahakama yake haikuichambua kesi kwa kina ilichostahili. Hapo alishinda, na akaagiziwa euro 80,000 za gharama. Lakini malalamiko yake ya kubaguliwa na kuingiliwa faragha yalitupwa kwa sababu ya mipaka ya mamlaka ya mahakama hiyo. Hukumu haikufuta kanuni hata moja ya riadha. Wiki tatu baadaye World Athletics ikapitisha kipimo cha SRY.

Kwa mwanafunzi wa sheria, tungeangalia zaidi suala la usuluhishi wa kulazimishwa. Mwanariadha hachagui Lausanne. Akitaka kukimbia, ameshaikubali. Na jambo jingine la kufuatilia ni Ufaransa, ambako sheria hairuhusu vipimo vya jeni visivyo vya matibabu, hivyo wanariadha wao ilibidi wapimwe nje ya nchi. Kama Mwafrika angefanya hivyo, tungeambiwa anakwepa.

Je, nishani ya shaba ya Margaret Nyairera Wambui ya Rio ilichukuliwa? — Likoni

Hapana. Alimaliza wa tatu mita 800 kwa 1:56.89, chini ya kanuni zilizokuwapo siku hiyo, na nishani ni yake. Kanuni za mbio hazirudi nyuma. Kilichokatika ni safari iliyofuata.

Mwaka 2007 nilikuwa pale uwanja wa gofu, mbio za nyika za dunia zilipokuja Mombasa. Tukashangilia mwanamke aliyeshinda, kumbe ni wa Uholanzi! Mkenya akimbilie nchi nyingine, huo si udanganyifu pia? — Mzee, Ganjoni

Mzee wetu, kumbukumbu yako ni nzima. Ilikuwa Machi 2007, joto lile lile, na Lornah Kiplagat, aliyezaliwa Kenya, akashinda mbio za wanawake kwa jezi ya Uholanzi, Tirunesh Dibaba wa Ethiopia nyuma yake. Kenenisa Bekele mwenyewe, naye wa Ethiopia, aliishia njiani upande wa wanaume.

Si udanganyifu. Kuna wanaohama kwa ndoa na makazi, na kuna walionunuliwa, na kanuni ilichelewa mno kuwatenganisha. Stephen Cherono aliitwa Saif Saaeed Shaheen mwaka 2003, akaipa Qatar dhahabu ya dunia ya kuruka viunzi na maji huko Paris mwaka huo huo. Kenya ilikataa kumpunguzia muda wa kusubiri wa Olimpiki, hivyo Athens 2004 akawa mtazamaji huku Wakenya wakizoa nishani zote tatu. Siku chache baada ya Olimpiki hiyo, akaenda Brussels akaweka rekodi ya dunia, 7:53.63. Utaamua mwenyewe nani alimkomoa nani.

Februari 2017 riadha ilisimamisha uhamisho wote. Tangu 2018 masharti ni haya: asiwe chini ya miaka 20, asubiri miaka mitatu, nchi mpya imthibitishie uraia kamili na si pasipoti ya msimu mmoja, na mtu huhama mara moja tu. Kwa vijana wanaofuatwa na mawakala, sharti la kusubiri ndilo la kulitilia maanani. Miaka mitatu bila Olimpiki wala Mashindano ya Dunia, kwa mwanariadha wa miaka 21, ni nusu ya ujana wake wa mbio. Wakala hulitaja la mshahara kwanza na hili mwisho, kama alitaja.

Ruth Chepng'etich amefungiwa. Ile rekodi yake ya Chicago imefutwa? Na hii dawa aliyokutwa nayo si ndiyo ya presha anayotumia mamangu? — Bamburi

Rekodi yake ya marathoni ya wanawake, 2:09:56 ya Oktoba 2024, haikufutwa. Sampuli iliyomfunga ilichukuliwa tarehe 14 Machi 2025, na yanayofutwa ni matokeo ya kuanzia siku hiyo. Oktoba 2025 alipewa miaka mitatu.

Ndiyo, haidroklorothiazidi ni dawa ya presha, na madaktari huiandika kila siku. Hukojoza. Haiongezi kasi, lakini mkojo mwingi huzimua mabaki ya pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu, yasionekane, ndiyo maana imepigwa marufuku mashindanoni na nje ya mashindano. Maabara husamehe hadi nanogramu 20 kwa mililita, kwa sababu vidonge vingine huchafuliwa kiwandani. Yeye alikutwa na 3,800. Kiasi hicho hakitoki kwenye uchafu. Alieleza kuwa alimeza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani alipougua.

Kwa hiyo dawa za mama zifungiwe kabati lake. Kama wewe ndiye mkimbiaji, umeumwa kichwa, usipapase droo ya mtu. Nenda duka la dawa, soma kila kiambato kwenye pakiti na siyo jina la mbele tu, kwani vidonge vingi vya presha huwa na dawa mbili ndani ya kimoja. Piga picha pakiti kabla ya kumeza. Daktari akisema huna budi kutumia kilichokatazwa, omba kibali cha matibabu kwanza.

Nina viatu vya soli nene nilivyoletewa kutoka Dubai. Naweza kukimbia navyo marathoni? — Mtwapa

Barabarani kikomo ni milimita 40, na bamba gumu moja tu ndani ya soli. Uwanjani ni milimita 20 tangu Novemba 2024. Unene hupimwa sehemu mbili, katikati ya upana: asilimia 12 ya urefu wa ndani kutoka kisigino, na asilimia 75. Usipime pembeni, soli hupanda juu pale na kukudanganya.

Ukikimbia kwa kujifurahisha hakuna atakayekuuliza. Ukitaka muda wako uandikwe au zawadi ya fedha, modeli lazima iwe kwenye orodha ya viatu vilivyoidhinishwa na World Athletics. Marathoni ya Vienna, Septemba 2021, Mhabeshi Derara Hurisa alifika wa kwanza, na muda mfupi baadaye akaondolewa: soli milimita 50. Alikuwa amejaza fomu na kiatu kingine, akavaa hiki. Ushindi akapewa Mkenya Leonard Langat. Pima nyumbani, kabla hujakata tiketi ya treni.